Sufuria ya Mama wa Crumlin

Kondoo mzee ndiye anayefaa. Nyama ya kondoo mchanga huiva upesi na kulegea kabla mchuzi haujapata nguvu. Ndiyo maana kila ifikapo Juni namwahi mchinjaji wa Soni, nimwambie aniwekee shingo na bega la kondoo jike aliyekwisha kuzaa, na mifupa asiitoe. Siku hizi hanishangai tena. Zamani alikuwa akiniangalia kwa huruma: mzee mzima, mstaafu wa serikali, anapewa paja analikataa, anang'ang'ania shingo.

Ninachopika ni chakula cha watu wa Ayalandi. Kondoo, viazi mviringo, vitunguu, chumvi, pilipili manga na maji. Hakuna nyanya, hakuna mafuta ya kukaangia, hakuna bizari wala tangawizi. Mke wangu, mzaliwa wa Tanga mjini, alipokiona mara ya kwanza aliuliza kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Alipokionja aliomba aongezewe. Nakipika kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Crumlin, kusini mwa jiji la Dublin, aliyenipa chumba mwaka 1981, na baadaye akaniwekea matanga ya mama yangu mzazi, mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni. Wajukuu wangu wanaujua utamu wa mchuzi, lakini kisa chake hawakijui sawasawa, na waliokuwepo siku zile tumebaki wachache.

Nilikuwa bwana shamba wilayani Lushoto. Serikali ya Ayalandi ilianza mpango wake wa misaada mwaka 1974, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache za mwanzo kupewa kipaumbele, pamoja na Lesotho, Zambia na Sudan. Kwa mlango huo nikapata nafasi ya kusoma Kimmage Manor, kwenye chuo cha masomo ya maendeleo kilichokuwa chini ya mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililojenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Baadhi ya mapadri wazee pale walikuwa wametumika Afrika Mashariki ujanani. Asubuhi yangu ya kwanza mmoja wao alinipita kwenye ujia akaniuliza, "Hujambo, bwana, umelalaje?" Nilimjibu kwa sauti kubwa mno, hata watu wakageuka. Sikuwa nimetarajia kuulizwa nimelalaje na mtu yeyote katika nchi ile.

Nilifika mwanzoni mwa Oktoba, wiki ile ile ulipokoma mgomo wa kula wa wafungwa wa Ayalandi ya Kaskazini. Ulikoma tarehe 3, baada ya wanaume 10 kufa kwa njaa gerezani mmoja baada ya mwingine, wa kwanza wao akiwa Bobby Sands, mwezi Mei. Vitambaa vyeusi vilikuwa bado vinaning'inia kwenye baadhi ya nguzo za taa. Siasa zake sikuzielewa haraka, ila nilielewa kwamba nimeingia kwenye nchi ambayo njaa haitajwi hovyo. Kwetu nako mambo yalikuwa magumu kwa namna yake. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha hazina tupu. Sukari, sabuni, mafuta, vyote vikawa vya foleni kwenye maduka ya serikali ya RTC. Siku naondoka nyumbani nilimwachia mama yangu mche wa sabuni niliobahatika kuupata Tanga. Aliukata katikati kwa kisu cha jikoni, akanirudishia nusu, akasema safarini nako watu huoga. Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Mama mwenye nyumba niliyepangishwa kwake alikuwa mjane aliyeukaribia umri wa miaka 60. Alizaliwa katika chumba kimoja kwenye majumba ya kupanga ya Liberties, sehemu kongwe ya Dublin, familia nzima ikipika, ikifua na kulala mle mle. Alikuwa msichana wa shule manispaa ilipowahamishia Crumlin, kwenye nyumba mpya zilizojengwa miaka ile ya 1930. Wanawe wawili wa kiume walikuwa Uingereza kwenye kazi za ujenzi, maana kwao kazi hazikuwepo. Binti yake alikuwa ameolewa si mbali. Nikalala kwenye chumba cha wale wavulana. Jikoni palikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na kitaa chekundu chini yake kisichozimwa usiku wala mchana, na dirishani kopo la majani ya kunukia aliyoyaotesha mwenyewe.

Majirani walimwita kwa ubini wa marehemu mumewe. Nami nilijaribu hivyo siku za mwanzo, ulimi ukakataa. Mwanamke wa umri ule kwetu haitwi jina. Nikaanza kumwita Mama. Hakuniuliza sababu. Haukupita muda naye akawa ananiita mwanangu.

Jioni niliyofika alikuwa amepika chakula kinachowatambulisha watu wa Dublin: soseji na vipande vya nyama ya nguruwe vilivyochemshwa taratibu pamoja na viazi na vitunguu. Kwa watu wa kizazi chake kilikuwa chakula cha Alhamisi hasa, cha kumaliza nyama iliyobaki kabla ya Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawakula nyama. Amekipika kwa heshima ya mgeni, na mgeni analazimika kumwambia, sahani ikiwa mbele yake, kwamba yeye ni Mwislamu. Aliiondoa sahani bila neno, akanikaangia mayai kwa siagi, kisha akaketi na kuanza kuniuliza maswali ya mtu anayetaka kuifanya kazi yake sawasawa. Mafuta ya nguruwe kwenye biskuti je? Kisu kilichokata soseji? Kondoo unakula? Nikamwambia kondoo nakula, ila uchinjaji wake una masharti.

"Basi huyo kondoo nitafutie wewe," akasema. "Mengine niachie."

Jumamosi alirudi kutoka Mtaa wa Thomas na sufuria nyeupe ya enameli yenye ukingo wa bluu, mwiko mpya na kisu kidogo. Alivitundika kwenye msumari wa peke yake, upande wa pili wa jiko. Pensheni yake ya ujane ilikuwa ndogo, na mimi kodi ya kwanza nilikuwa bado sijamlipa.

Kondoo nilimpata kwa njia ya Harrington Street. Chama cha Waislamu cha Dublin kilianzishwa na wanafunzi mwaka 1959, na mwaka 1976 kikafungua msikiti katika nyumba moja ya mtaa huo, wa kwanza katika nchi ile. Wengi wa niliosali nao walikuwa wanafunzi wa udaktari, na mmoja wao, kijana wa Kihindi kutoka Durban, ndiye aliyekuwa akitusaidia kupata nyama iliyochinjwa kisheria. Baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa nikirudi Crumlin kwa basi nikiwa na shingo ya kondoo ndani ya mkoba wa vitabu. Mama aliifunga kwa karatasi, akaandika juu yake herufi za jina langu kwa kalamu ya risasi, akaiweka kwenye kijisanduku cha barafu juu kabisa ya friji. Soseji zake alizishusha rafu ya chini.

Upishi wake ndio ninaoufuata hadi leo, na sijaona sababu ya kuubadilisha. Nyama haikaangwi. Inaanza kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo, moto mdogo, na povu linalopanda unaliondoa kwa kijiko mpaka maji yatakate. Hapo unaitoa na kuanza kupanga. Viazi lazima viwe vya aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea wakadhani kiazi ni kiazi. Vile vya unga unavikata vyembamba na kuvitandaza chini. Kazi yao ni kuyeyuka kabisa na kuupa mchuzi uzito, kwa hiyo hakuna haja ya unga wala kitu kingine cha kuufanya mzito. Vile vigumu unavikata nusu kwa nusu na kuviweka juu kabisa, viive kwa mvuke bila kuvunjika. Katikati ni nyama na vitunguu, vitunguu vingi kuliko unavyodhani, vimekatwa vinene. Unamimina yale maji ya nyama yafikie chini kidogo ya viazi vya juu, unatupia majani ya kunukia, unafunika kwa mfuniko mzito, unaacha. Saa mbili, pengine na zaidi kama kondoo ameishi sana. Hukorogi. Mama alikuwa akisema anayekoroga ana haraka, na mwenye haraka akakaange mayai.

Karoti hakuruhusu. Kwao jambo hili lina wanaoligombea kwa dhati, na yeye alikuwa upande wa wanaosema karoti huutia mchuzi utamu na kuificha ladha ya kondoo. Nakubaliana naye.

Alhamisi, tarehe 7 Januari 1982, tarishi alileta bahasha yenye mwandiko wa kaka yangu. Mama yetu alikuwa amefariki mwezi Desemba. Homa ilimpata ghafla, hakumaliza wiki, akazikwa Mlalo jioni ile ile aliyofariki. Barua ilikuwa imetangatanga njiani muda wote ule. Nilipokuwa nikiandika insha za kufunga muhula na kucheka na wenzangu, yeye alikuwa kaburini tayari. Nililia hilo kuliko kifo chenyewe. Matanga yamekwisha kuvunjwa, wageni wamerudi makwao, na mimi ndiyo kwanza nafiwa, katika jiji ambalo hakuna hata mtu mmoja aliyemjua marehemu.

Mama alinikuta nimekaa kwenye ngazi, barua mkononi. Hakuuliza. Alikaa ngazi ya chini yangu, akangoja mpaka nikaweza kusema. Niliposema, alinishika kifundo cha mguu, ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake, akakaa vile kwa muda. Kisha akainuka. Sebuleni kulikuwa na saa juu ya meko ya makaa. Alikifungua kioo chake akausimamisha mshale kwa kidole. Kioo cha ukutani alikifunika kwa kitambaa cha meza. Halafu akafungua dirisha, kidogo tu, upana wa kiganja, na baridi ikaingia. Alinieleza kwamba kwao mtu akifa nyumbani ndivyo wanavyofanya: saa husimamishwa, vioo hufunikwa, na roho hufunguliwa njia.

"Lakini hakufia humu," nikamwambia.

"Mwanawe yumo humu," akajibu.

Akaniuliza sisi kwetu tunafanyaje. Nikamweleza: watu huja wakakaa na wafiwa, Kurani husomwa, na chakula huletwa na majirani kwa sababu mfiwa haachiwi awashe moto. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema basi jiko lile nisiliguse mpaka atakaponiruhusu.

Usiku ule theluji ikaanza. Ilianguka Ijumaa mchana kutwa, upepo ukiisukuma na kuirundika kwenye kuta na milango, na Jumamosi asubuhi bado mitaa haikupitika. Watu wa Dublin wenye umri wangu wanaikumbuka mpaka leo, maana jiji lao ni la mvua, theluji ya namna ile hawakuizoea wala hawakuwa na zana za kupambana nayo. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mabasi yalisimama. Maziwa hayakufika, na penye mkate palikuwa na foleni. Niliiona foleni moja kupitia dirishani, watu wamejifunika mpaka macho, nikawaza kwamba mama yangu angekuwepo angetuma mtoto akaulize wanagawa nini.

Ijumaa asubuhi Mama alitoa shingo ya kondoo kwenye kijisanduku cha barafu. Ilikuwa ya mwisho, na Harrington Street siku ile hakukufikika. Kanisa Katoliki la Ayalandi lilikuwa limekwisha kuwaachia waumini wao wenyewe kuamua habari ya kutokula nyama Ijumaa. Yeye alikuwa hajaacha hata mara moja tangu utotoni. Kwa hiyo alisimama jikoni kutwa nzima akipika nyama ambayo hatailamba. Nilikuwa juu nimelala nikiutazama ukuta, harufu ya vitunguu na kondoo ikipanda ngazi. Mchana akaniita.

"Njoo unionjee chumvi," akasema. "Mimi leo siwezi."

Alikuwa ameshika kijiko, mkono wa pili ameukinga chini yake mchuzi usidondoke. Nikaonja. Chumvi ilikuwa imepungua kidogo. Nilipomwambia hivyo uso wake ulichangamka, akaiongeza kwa vidole, akanipa nionje tena, na tena, mpaka nikajikuta nimekaa mezani na sahani iko mbele yangu. Sikuwa nimeweka kitu kinywani tangu barua ifike. Nilikula viazi vya juu kwanza, kisha nyama iliyokuwa ikiachia mfupa yenyewe, kisha ule mchuzi mzito wa chini. Yeye alikaa upande wa pili akila mkate na siagi, chai ya rangi kwa kuwa maziwa hayakuwepo, akaniangalia mpaka nilipomaliza. Mpaka sasa sijui aliwezaje kulenga chumvi akiwa na imani tu kwamba ulimi wangu wenye majonzi unasema kweli.

Jioni wakaanza kuja. Alikuwa amemwambia jirani wa ukuta wa pili, na jirani amewaambia wengine. Walikuja na mabuti, wengine wakiwa na mabeleshi waliyotumia kujifungulia njia, wakikung'uta theluji mlangoni. Kila aliyeingia alinishika mkono, akasema pole kwa msiba, akatafuta pa kukaa. Ni maneno yale yale tunayoyasema sisi, kwa sauti ile ile ya chini. Nilitarajia wakae dakika chache kwa adabu, waondoke. Hawakuondoka. Baada ya chai mwanamke mmoja aliniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani.

Nikasimulia. Nilisimulia shamba lake la Mlalo lililo kwenye mteremko mkali hivi kwamba kiazi kikikuponyoka hukioni tena. Jinsi alivyokuwa akitembea na mzigo kichwani mpaka mnadani na kurudi, akiimba kwa Kishambaa. Jinsi alivyokuwa akinisubiri nitoke shule na kiazi cha kuchoma alichokifukia majivuni. Nusu ya sabuni. Walicheka palipochekesha na kunyamaza pa kunyamaziwa, na kwa mara ya kwanza katika jiji lile mama yangu akawa mtu anayejulikana.

Mzee mmoja, aliyekuwa kuli bandarini maisha yake yote, aliuliza kama viazi vya kwetu vinapata maradhi. Nikamwambia ndiyo, hasa mvua zikiandamana na baridi: ukungu. Majani hupata mabaka meusi, upande wa chini unaota weupe, na shamba lililokuwa la kijani Jumatatu linakuwa limeoza na kunuka kabla ya wiki kwisha. Kazi yangu kule Lushoto ilikuwa kupita shamba kwa shamba kuwafundisha wakulima kuupiga dawa. Sebule ikawa kimya. Ni ugonjwa ule ule. Ulifika Ayalandi mwaka 1845, ukakuta mamilioni ya maskini wasio na chakula kingine ila kiazi, kwa kuwa nafaka waliyoilima na mifugo waliyoilisha kwa jasho lao ilikuwa ya kulipia kodi ya ardhi. Ndani ya miaka michache watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya hao wakapanda meli kwenda zao, huku meli nyingine zikiondoka katika bandari zile zile na nafaka na ng'ombe wa kuuzwa Uingereza. Nilikuwa nimesoma habari hiyo vitabuni kama mfano wa somo la magonjwa ya mimea. Pale iliongelewa na watu ambao babu wa babu zao walikuwemo. Mzee yule aliniuliza dawa inachanganywa vipi, mara ngapi inapigwa, wakulima wanaimudu bei yake? Nilipomjibu kwamba wengi hawaimudu, akatikisa kichwa muda mrefu.

Usiku, walipoondoka, nilitandika msala sebuleni nikasoma Yasini kwa niaba ya mama yangu. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na moto wa mboji iliyokaushwa, rozari mkononi. Nilipochukua tasbihi tukawa wawili tunaohesabu, kila mmoja kwa yake.

Jumamosi mchuzi ulipashwa moto, na wanaoujua watakwambia siku ya pili ndiyo siku yake. Hapo naye akala. Mkate wa dukani haukupatikana, akaoka wa nyumbani kwa unga, chumvi, magadi na maziwa yaliyokuwa yamechachia jagini, ambayo ndiyo hasa yanayotakiwa kwa mkate ule usio na hamira. Desturi ni kuuchanja msalaba juu kabla ya kuuingiza ndani ya jiko. Aliinua kisu, akakiacha hewani, akanitazama. Nikamwambia, "Chanja, Mama, ni mkate wenu." Akachanja. Majirani wakarudi, kila mmoja na alichokuwa nacho, na sufuria ya shingo moja ya kondoo ikatosha kwa sababu viazi alikuwa ameviongeza.

Waayalandi humsomea marehemu misa karibu mwezi baada ya kifo. Mwishoni mwa Januari, siku ambazo serikali ya Garret FitzGerald ilianguka bungeni kwa bajeti iliyotaka kutoza kodi hata viatu vya watoto, na Mama, aliyekwenda shule peku, hakuwa na habari nyingine mdomoni, aliniuliza swali lililoonekana kumsumbua siku nyingi. Je, atakuwa amemkosea mama yangu akimwombea misa? Alisema hataki kumvuta marehemu aende asikotaka. Anataka tu jina lake litajwe pale ambapo yeye hutajia majina ya watu wake.

Nilimwambia amtajie. Aliandika jina la mama yangu kwenye karatasi, jina la Kiislamu na la ukoo wa Kishambaa, akakaa nami jikoni akijifunza kulitamka, kisha akaenda kumfundisha padri. Nilikaa benchi la nyuma kanisani. Jina lilipotajwa lilitajwa sawasawa, polepole, silabi kwa silabi. Wapo watu wa kwetu walioniuliza baadaye ilikuwaje nikakubali mama Mwislamu asomewe misa. Jibu langu halijabadilika. Yule mwanamke alikuwa na kitu kimoja cha thamani kuliko vyote alivyomiliki, akakitoa kwa ajili ya mtu wangu, na kabla ya kukitoa akaomba ruhusa.

Niliporudi Tanzania alinipa ile sufuria, ameifunga kwa magazeti. Niliipakata ndani ya ndege. Kwa miaka tuliandikiana, yeye kila Krismasi, mimi kila nikipata stempu. Alifariki Juni 1996. Binti yake aliniandikia na kuniwekea ndani ya bahasha ile kadi ndogo wanayochapisha kwa marehemu wao, yenye picha yake na sala. Barua ilinifikia mazishi yamekwisha kupita, kama ile ya kwanza. Safari hii nilijua la kufanya. Nilisimamisha saa, nikamtuma kijana kwa mchinjaji, na majirani walipoona moshi na sufuria ngeni wakaja kuuliza, nikawakaribisha wakae niwaelezee alikuwa mtu wa namna gani.

Tangu hapo imekuwa kila Juni, wakati wa kipupwe, Lushoto inapokuwa na baridi inayoustahili mchuzi huo. Viazi vya unga navinunua Lukozi, vigumu natoa shambani kwangu. Enameli ya sufuria imebanduka ukingoni, lakini haijatoboka. Sisomi hitima, nawalisha watu kwa nia yake, na mwalimu wa madrasa, niliyemweleza habari yote tangu mwanzo, hula pamoja nasi na kuniambia kumlipa mtu wema ni wajibu. Mjukuu wangu mkubwa anapenda kukamulia limau na kuongeza pilipili mbuzi. Namruhusu sahanini, si sufuriani.

Bakuli la kwanza kabla ya mtu yeyote kula huwa nalipeleka misheni, pamoja na sadaka ya misa na jina lake kwenye karatasi. Padri wa sasa ni kijana wa Same. Mwaka jana nilimwandikia jina kwa herufi kubwa, tukalitamka pamoja mpaka likamkaa ulimini, maana majina ya Kiayalandi hayasomwi kama yanavyoandikwa. Misa ilipokwisha alinikaribisha ndani, tukala naye lile bakuli. Akaniuliza mbona hamna karoti. Nikamweleza.